Rumba ya Gitano kwenye gitaa: anza na mkono wa kulia

Mtu akisikia Gipsy Kings, kikundi cha Gitano wa kusini mwa Ufaransa, kwa mara ya kwanza, masikio hukimbilia gitaa la solo, zile noti zinazomwagika kama shanga zilizokatika uzi. Kesho yake anashika gitaa, anajifunza kodi nne (kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja), anacharaza, na kinachotoka sicho. Kodi ni zilezile na kasi ni ileile, lakini muziki umelala. Karibu kila mara sababu ni moja: mkono wa kulia unacharaza nyuzi tu, wakati katika muziki huu mkono huo ndio ngoma. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya mkono wa kulia, na solo itasubiri mpaka karibu na mwisho. Mwenye kutumia shoto ageuze mikono, mengine yote yabaki yalivyo.

Kwanza, ni muziki gani huu

Gitano ni Waroma wa Hispania (si watu wa jiji la Roma, bali jamii iliyotawanyika Ulaya yenye asili ya India), na flamenco, muziki wa Hispania wa gitaa, sauti na makofi, imekua kwa kiasi kikubwa mikononi mwao. Rumba tunayoizungumzia ilizaliwa katika mitaa ya Gitano jijini Barcelona, hasa Gràcia, Hostafrancs na barabara ya La Cera, katika miaka ya 1950. Majina mawili hutajwa daima: Antonio González, aliyeitwa El Pescaílla, na Peret. Midundo ya Kuba ilikutana na makofi na gitaa la flamenco, na gitaa moja likabebeshwa kazi mbili, kodi na ngoma. Namna hiyo ya kucharaza Wahispania huiita ventilador, yaani feni, kwa jinsi mkono unavyopepea mbele ya nyuzi.

Upande wa pili wa mpaka, kusini mwa Ufaransa, kulikuwa na koo za Reyes na Baliardo huko Arles na Montpellier, ambazo asili yao ni Gitano wa Hispania. Kutoka ukoo wa Baliardo alitokea mpiga gitaa Manitas de Plata, jina lenye maana ya "vijimkono vya fedha", aliyepiga Carnegie Hall jijini New York mwaka 1965. Kutoka koo hizohizo wakaja Gipsy Kings, ambao albamu yao ya 1987 ilivuka bahari. Wimbo wao uliovuma kuliko yote, "Bamboléo", umechukua sehemu ya utunzi wa Simón Díaz wa Venezuela, na wao huimba kwa Kihispania cha nyumbani kilichochanganyika na lugha za jirani. Wasikilizaji wengi duniani hawakuelewa neno hata moja, na haikuwazuia kucheza.

Kwa mpiga gitaa, mvuto huo una maelezo ya kiufundi, na ni vizuri uyajue kabla ya kugusa uzi. Mitindo mingi mikubwa ya flamenco, kama soleá na bulerías, huzunguka katika mapigo 12, na mgeni hupotea hajui mzunguko unaanzia wapi. Rumba ina mapigo manne tu. Ukiligawa kila pigo mara mbili unapata nane, na ndani ya nane hizo kuna mgawanyo wa tatu, tatu, mbili, ambao masikio ya Kuba, Brazili na sehemu kubwa ya Afrika yameuzoea tangu zamani. Kodi zake ni chache na zinashuka kwa hatua zinazotabirika. Mgeni anaingia kwa urahisi, ila kuingia si kufika. Wapenzi wa flamenco ya asili huidharau rumba kwa sababu ya wepesi huo, na hawawatendei haki wapigaji wake: kumfanya kila mtu ukumbini apate pigo la kwanza bila kuhesabu ni ufundi mkubwa.

Jina lisikuchanganye. Rumba ya Kongo nayo imetokana na muziki wa Kuba, lakini huko magitaa hudonolewa na kufumana, solo juu ya rithimu. Rumba ya Gitano hucharazwa na kugongwa. Ukija na mkono wa sebene, itabidi uuache pembeni kwa muda.

Gitaa na kucha

Tumia gitaa la nyuzi za nailoni. Nyuzi za chuma hula kucha, na pigo la kiganja juu yake hutoa sauti ya bati. Gitaa halisi la flamenco lina uso wa mti wa spruce na ubavu na mgongo wa cypress, jepesi, lenye sauti kavu inayokatika upesi. Ukavu huo unatakiwa, maana sauti ikining'inia mno mapigo hupandana na mdundo hupotea. Nyuzi zake pia zimekaa chini. Kwenye freti ya 12 (freti ni vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo), uzi wa sita, ule mnene kabisa, huwa juu ya freti kwa milimita 3 au pungufu kidogo, ilhali kwenye gitaa la klasiki hukaribia 4. Gitaa la klasiki linafaa kabisa kujifunzia, fundi akishusha kidogo mfupa wa darajani, ule unaobeba nyuzi upande wa mwili wa gitaa. Asishushe kupita kiasi: kukwaruza kidogo unapocharaza kwa nguvu ni sehemu ya sauti ya flamenco, lakini ukidonoa polepole na bado nyuzi zinalalamika, zimeshuka mno.

Magitaa ya flamenco hubandikwa golpeador, karatasi ya plastiki nyembamba pembeni mwa tundu, kwa sababu kucha hugonga ubao. Bila hiyo, mbao laini ya spruce huchimbika upesi. Ukibandika ya kwako, hakikisha kwanza rangi ya gitaa ni ngumu. Ile ya kupakwa kwa mkono kwa sheliki hung'oka pamoja na gundi siku utakapoitoa.

Kucha za mkono wa kulia zitokeze kidogo tu nje ya nyama, milimita 1 hadi 2, zilizochongwa duara na kulainishwa kingo. Ndefu hunasa kwenye nyuzi na kuvunjika; fupi mno hutoa sauti ya nyama, butu. Wapigaji wengi huziimarisha kwa tone la gundi ya haraka juu ya ukucha. Mkono wa kushoto ukatwe kucha hadi chini.

Nyuzi mpya za nailoni hulegea kwa siku kadhaa kabla ya kutulia, kwa hiyo usizibadilishe asubuhi ya onyesho. Zile tatu nene, zenye waya, huchuja sauti mapema kuliko tatu nyembamba. Lilinganishe gitaa kwa kawaida: kutoka uzi wa sita hadi wa kwanza, E A D G B E.

Mdundo kwa mdomo, kisha kwa mkono

Weka gitaa chini. Sema kwa sauti, bila kukatika: TA-ka-ta TA-ka-ta TA-ka. Silabi nane, mkazo kwenye ya 1, ya 4 na ya 7. Gonga mguu kwenye silabi ya 1, 3, 5 na 7. Utaona mguu na mdomo vinakutana kwenye 1 na 7, lakini kwenye 4 mdomo unakaza wakati mguu uko hewani. Hapo ndipo rumba inapopatikana. Asiyeweza kufanya hivi kwa dakika mbili mfululizo, gitaa halitamsaidia.

Sasa shika gitaa. Laza vidole vya mkono wa kushoto juu ya nyuzi bila kukandamiza, ili zisitoe noti yoyote. Mkono wa kulia ukae juu ya tundu, si karibu na daraja ambako nyuzi ni ngumu. Mapigo nane ni haya:

1 chini, 2 juu, 3 kofi, 4 juu, 5 chini, 6 juu, 7 kofi, 8 juu.

Chini ni vidole vya shahada, kati na pete kufunguka kwa pamoja, migongo ya kucha ikifagia nyuzi zote. Juu ni kidole cha shahada kikirudi, na kinagusa nyuzi tatu nyembamba tu. Wapo wanaorudi kwa kidole gumba. Zote mbili ni sahihi, lakini chagua moja uishikilie. Nguvu inatoka kwenye kifundo cha mkono, kama unayekung'uta maji vidoleni. Kiwiko kikianza kupanda na kushuka, mkono utachoka kabla wimbo haujafika katikati.

Kofi ndilo linalowashinda wengi, kwa hiyo tulitazame kwa karibu. Baada ya pigo la 2 mkono uko juu kidogo ya nyuzi, vidole vimelegea. Unaposhuka, mambo mawili hutokea kwa wakati mmoja: ile nyama nene chini ya kidole gumba inatua juu ya nyuzi za sita, tano na nne, na kucha za vidole vingine zinagonga nyuzi nyembamba. Kwa kuwa kiganja kimeshazizima, hazilii noti. Zinatoa "cha", kavu na fupi, kama mtu aliyepiga ngozi ya ngoma kando. Kiganja hakibandiki hapo. Kinatua na kuondoka, na wakati kinainuka, kidole cha shahada kinapitia chini yake kwenda juu kupiga pigo la 4. Kofi na pigo linalofuata ni mwendo mmoja wa duara. Ukiutenganisha kuwa mienendo miwili, utachelewa daima.

Jipime hivi: shika kodi yoyote kwa mkono wa kushoto, piga kofi moja, simama. Ukiweza kuitambua kodi kwa sikio, vidole vimefika kabla ya kiganja. Inamisha mkono zaidi kuelekea kidole gumba. Ukisikia mshindo mzito wa ubao bila "cha", kiganja kimegonga gitaa badala ya nyuzi. Na kofi likichelewa, mara nyingi mkono unainuliwa mbali sana: sentimita 5 kutoka kwenye nyuzi zinatosha.

Mkazo ubaki kwenye 1, 4 na 7. Hii ina maana kwamba pigo la 4, ambalo ni la juu na kwa asili ni dhaifu, linapaswa kupigwa kwa nguvu kuliko la 5 ambalo ni la chini. Mwili utakataa. Wengi wanaodai wamejifunza rumba wanakaza 1 na 5 bila kujua, na ndiyo maana inasikika kama wimbo wa kuandamana. Rudi kwenye TA-ka-ta kila unapohisi imeteleza.

Washa metronomu, kifaa cha kuhesabia mapigo, kwenye milio 60 kwa dakika, mapigo mawili ya mkono kwa kila mlio, hivyo mzunguko mzima ni milio minne. Dakika 10 nyuzi zikiwa zimezimwa, kila siku, kabla ya kitu kingine chochote. Usipandishe kasi mpaka dakika mbili zipite bila kujikwaa, na ukipandisha, panda kwa 4. Rumba nyingi huchezwa kati ya 100 na 120. Ukifika 90 ukasikia mkono unakaza, shuka hadi 80 na ulegeze bega. Msuli uliokaza haupati kasi, unapata maumivu.

Kodi nne zinazoshuka

Mtelemko maarufu wa flamenco ni Am, G, F, E. Freti ni hizi, ukihesabu uzi wa kwanza kuwa mwembamba kabisa:

Am: uzi wa 2 freti 1, uzi wa 3 freti 2, uzi wa 4 freti 2; wa 5 na wa 1 wazi.
G: uzi wa 6 freti 3, uzi wa 5 freti 2, zilizobaki wazi.
F: uzi wa 4 freti 3, uzi wa 3 freti 2, uzi wa 2 freti 1, wa 1 wazi.
E: uzi wa 5 freti 2, uzi wa 4 freti 2, uzi wa 3 freti 1, zilizobaki wazi.

Uzi wa kwanza umeachwa wazi katika zote nne, na hilo ni makusudi. Noti ya E inalia juu ya F na G bila kuwa mali yake kamili, na mkwaruzano huo mdogo ndio ladha ya flamenco. Ukiiweka F kamili ya kubana nyuzi zote sita, wimbo unakuwa msafi na unapoteza chumvi. Kitu kingine: katika mtelemko huu nyumbani ni E. Wimbo unatulia pale, hata kama masikio yaliyozoea nyimbo nyingine yanasubiri urudi Am.

Kila kodi ipate mzunguko mmoja wa mapigo nane. Kosa la kawaida ni kuharakisha dakika ya kubadilisha: mkono wa kushoto unaogopa kuchelewa, unauvuta wa kulia. Dawa ni kuuacha mkono wa kulia uendelee hata kama kodi haijafika. Afadhali nyuzi wazi kwa wakati kuliko kodi sahihi iliyowahi. Ukishazoea, badilisha kodi kwenye pigo la 8 badala ya 1, ili kodi mpya isikike nusu pigo mapema. Wazoefu hufanya hivi mara kwa mara, na ghafla muziki huonekana unakimbia mbele ingawa metronomu haijabadilika.

Rasgueado, ule mporomoko wa vidole kimojakimoja, itie kwa uchache. Ya kuanzia: pete chini, kati chini, shahada chini, shahada juu, noti nne zilizo sawa katika nafasi ya mapigo ya 7 na 8 ya mzunguko wa E. Vidole vikikunjuka kwa pamoja badala ya kufuatana, ifanye mezani kwanza, polepole, ukihesabu minne inayolingana. Ukiitia kila mzunguko, unafuta kofi ambalo umehangaika nalo wiki nzima.

Magitaa zaidi ya moja

Sauti nene ya vikundi vya Arles na Montpellier hutokana na magitaa kadhaa kucharaza mdundo mmoja huku mmoja tu akipiga solo; katika Gipsy Kings kazi hiyo ni ya Tonino Baliardo. Mkiwa wawili wa rithimu, msirudufu kodi. Wa kwanza apige Am, G, F, E kama zilivyo. Wa pili aweke kapo, kibanio kinachokandamiza nyuzi zote shingoni, kwenye freti ya 5 na kushika maumbo ya Em, D, C, B7. Sauti zinakuwa zilezile kwa msingi, lakini zake ziko juu, na mawili hayo hujaza nafasi bila kugombana. Kapo, ambayo Wahispania huiita cejilla, ibane karibu kabisa na freti. Ikikaa nyuma, nyuzi nene hupanda sauti na kikundi kizima husikika hakijalinganishwa.

Makofi ya mikono, palmas, ni chombo kamili. Mmoja apige milio minne ya metronomu, wa pili ajaze katikati yake. Waimbaji wakianza, makofi yawe ya viganja vilivyokunjwa vikombe, sauti nzito ya chini. Solo ikianza, vidole vitatu vya mkono mmoja vipige kiganja cha mwingine kwa sauti kali. Wakipiga kwa ukali wakati wote wanamfunika mwimbaji.

Solo, kwa kifupi

Kwenye uzi wa kwanza, ngazi ya kuanzia ni freti 0, 1, 3, 5, 7, 8, 10, 12. Kodi ya E inapolia, tumia freti ya 4 badala ya 3, kwani E ina G iliyopandishwa nusu. Kodi ikiwa G, rudi kwenye 3. Hilo tu linawatofautisha wanaosikiliza kodi na wanaokimbiza vidole. Piga kwa picado: shahada na kati zikipokezana bila kurudia, kila kidole kikishatoa noti kinapumzika kwenye uzi unaofuata. Vidole hurudia hasa pale unapohama uzi, kwa hiyo zoeza mahali hapo peke yake. Acha pia nafasi. Misemo mizuri ya mtindo huu huishia kwenye freti ya 1 ikining'inia kidogo, kisha inashuka kwenye uzi wazi.

Kurekodi na kutaja

Pikapu (kinasa sauti kinachowekwa kwenye gitaa) ya sumaku haifanyi kazi kwa nailoni. Unahitaji ile inayokaa chini ya mfupa wa daraja, au maikrofoni. Elekeza maikrofoni kwenye freti ya 12, umbali wa sentimita 20 hadi 30. Ikitazama tundu, besi huvuma na kofi hugeuka mshindo. Weka kiwango cha kurekodi kwa kupiga kofi lako kali kabisa, si kodi, kwa sababu kofi ndilo linalopasua. Kata masafa yaliyo chini ya hezi 80. Noti ya chini kabisa ya gitaa iko kwenye 82, hivyo hupotezi kitu.

Unapoweka kazi mtandaoni, iite kwa jina lake: rumba flamenca, au rumba catalana kama umefuata mtindo wa Barcelona. Gitano ni jina wanalolitumia wenyewe Hispania, lakini mengi wanayoitwa Waroma katika lugha nyingine ni matusi kwao. Ukiurudia wimbo wa mtu, mtaje mtunzi, na uangalie vizuri ni nani: nyimbo kadhaa zilizovuma kwa mtindo huu zilitungwa Amerika ya Kusini.

Namna ya kufunga wimbo huamuliwa kabla ya kuanza. Kiongozi anainua shingo ya gitaa katika mzunguko wa mwisho wa F, wote wanapiga E kwenye pigo la 1, chini, kwa nguvu, na viganja vinatua juu ya nyuzi kwenye pigo la 3 na kubaki pale. Anayeondoa mkono mapema huacha uzi wa sita ukiunguruma, kwa hiyo kiganja kisiinuke mpaka kiongozi ashushe shingo ya gitaa.